Saa Nane na Nusu, Halb Drei

Miadi yangu ya kwanza na daktari wa meno nchini Ujerumani ilikuwa halb drei. Dada wa mapokezi alinitajia saa hiyo kwa simu, taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto, nami nilifurahi kwa sababu maneno yote mawili nilikuwa nayajua: halb ni nusu na drei ni tatu. Tatu na nusu, nikajiambia, yaani kwa saa zetu ni saa tisa na nusu alasiri; nikaandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake. Siku ilipofika niliondoka nyumbani mapema, nikafika mlangoni saa tisa na dakika ishirini nikiwa nimejaa fahari ya Mswahili aliyewahi miadi ya Mzungu, na dada yule akanitazama kwa huruma. Alikuwa amenisubiri tangu saa nane na nusu. Daktari alikwisha kuingia na mgonjwa mwingine, na jino langu liliendelea kunifanyisha ibada ya usiku kwa wiki mbili zaidi.

Kosa lilikuwa langu. Mjerumani haihesabu nusu saa kutoka saa iliyopita bali kutoka ile inayokuja, kwa hiyo halb drei kwake ni saa ya tatu iliyofika katikati, ambayo kwetu ni saa nane na nusu. Katika mkoa huu wa Franken, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, wazee huenda mbali zaidi: viertel drei, robo ya tatu, ni saa nane na robo, na dreiviertel drei, robo tatu za tatu, ni saa tisa kasorobo. Ajabu ni kwamba hiyo ya mwisho haikunisumbua hata siku moja, kwa kuwa sisi nasi tunaposema kasorobo huwa tumekwisha kuitaja saa ambayo bado haijafika. Hata hivyo, kwa miezi mingi kila saa niliyotajiwa ilipita kichwani mwangu katika vituo vitatu: Kijerumani, kisha Kiingereza cha shule, kisha Kiswahili, na mara nyingi ilishuka kituo kisicho chake.

Nilifika Bayreuth mwanzoni mwa Oktoba 2023, nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba, kusoma shahada ya uzamili katika ikolojia. Ni mji mdogo wenye wakazi zaidi ya 70,000, ambao Wajerumani wanaujua kwa sababu ya Richard Wagner na jumba la opera alilolijenga juu ya kilima, likafunguliwa mwaka 1876. Wasomi wa Afrika wanaujua kwa sababu nyingine. Chuo kikuu chake, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1975, kimejikita katika taaluma za Afrika. Mjini kuna Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Kiafrika iliyoanzishwa mwaka 1981, na kila mwaka wataalamu wa Kiswahili kutoka nchi mbalimbali hukutana hapa kwenye kongamano lao. Mimi sikuyajua hayo nilipoomba nafasi. Wiki ya pili, nikiwa kwenye foleni ya chakula, kijana mmoja Mjerumani mwenye nywele nyeupe kama sufi aligeuka, akanitazama, akasema kwa matamshi safi kabisa, "Shikamoo." Nilijibu marahaba kabla sijatambua kilichotokea, kisha nikakaa mezani nikijiuliza kama nilikuwa nimezeeka kiasi hicho tangu nitoke kwetu Lindi, kusini mwa Tanzania.

Wenzangu nyumbani hudhani maisha ya mwanafunzi Ulaya ni theluji, minara na picha. Mwezi wangu wa kwanza ulikuwa karatasi. Mtu akihamia makazini sharti ajiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, akiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli anaishi pale. Karatasi anayopewa hapo ndiyo itakayoombwa na kila meza atakayoifikia baadaye, ikiwemo ile ya kibali cha ukaazi. Hata hiyo haitoshi kama jina lake halijabandikwa kwenye sanduku la barua, kwa sababu tarishi wa Kijerumani hatafuti mtu, anatafuta jina, na barua isiyoona jina lake hurudi ilikotoka. Mimi niliandika langu kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha plasta ya kidonda, nikakibandika chini ya majina ya wenzangu watatu, na siku iliyofuata barua zikaanza kumiminika kana kwamba zilikuwa zimejificha nyuma ya kona zikinisubiri. Mojawapo ilinidai euro 18.36 kila mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma. Sikuwa na redio wala televisheni, nikaamini ni matapeli, nikaitupa. Mwenzangu mmoja wa nyumbani, Mjerumani anayesoma sheria, aliiokota kwenye pipa la karatasi, akanieleza kwa upole kwamba mchango huo hutozwa kila makazi, uwe na chombo usiwe nacho, na kwamba sisi wanne tulikuwa tayari tukiulipa kwa pamoja, euro 4.59 kila mmoja. Kisha akanieleza kwa upole uleule kwamba bahasha ile ilikuwa na kidirisha cha plastiki, na kwamba yeye hukibandua kidirisha kabla ya kuitupa bahasha kwenye pipa la karatasi.

Ufadhili wangu ulikuwa euro 934 kwa mwezi. Mtu akizigeuza fedha hizo kuwa shilingi huona utajiri, na hilo ndilo kosa la kwanza la kila anayetoka kwetu, kwa sababu fedha hazilipi kodi ya nyumba katika nchi ya kichwani. Chumba kilichukua zaidi ya theluthi, bima ya afya ambayo ni ya lazima ilichukua karibu 120, na kilichosalia kilinifundisha kusoma vibandiko vya bei kama Kurani. Nilijifunza pia thamani ya chupa tupu. Chupa ya plastiki ya maji ya kutumika mara moja ina rehani ya senti 25, ambayo hurudishwa na mashine dukani, na wapo wazee wanaopita usiku wakimulika mapipa kwa tochi kuzitafuta. Sikuwa nimetarajia kuona jambo hilo katika nchi ambayo ramani zetu za shule ziliipaka rangi ya matajiri.

Jumamosi yangu ya kwanza nililala mchana, nikatoka saa mbili na nusu usiku kwenda kununua chakula, nikakuta mji umefungwa. Bavaria maduka hufungwa saa mbili kamili usiku, na Jumapili kwa kawaida hayafunguliwi. Nilirudi chumbani nikafungua mfuko wa korosho aliokuwa amenifungashia mama, tukaishi hizo korosho na mimi hadi Jumatatu. Sijui kama watu wa nje wanaelewa maana ya korosho kwa mtoto wa Lindi; ada yangu ya sekondari ilitoka mikoroshoni, na mwaka ambao bei ilianguka ndio mwaka niliorudishwa nyumbani mara tatu. Baadaye niliziona kwenye rafu ya duka, gramu 200 kwa karibu euro tatu, zimechomwa na kutiwa chumvi, na nyuma ya pakiti zimeandikwa Vietnam. Sehemu kubwa ya korosho zetu ghafi hupakiwa melini kwenda kubanguliwa India na Vietnam, kwa hiyo sikuweza kujua kama nilikuwa natazama mgeni au ndugu aliyebadilishwa jina njiani. Nilimpigia mama kumweleza bei. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Hiyo ni kilo ngapi?"

Jikoni tulikuwa wanne: Wajerumani wawili, dada mmoja wa Kolombia, na mimi. Ratiba ya usafi ilibandikwa kwenye friji na haikuwa pambo. Ugali wangu wa kwanza niliusonga kwa unga wa njano wa Kiitaliano, ukatoka kama keki iliyokosa sukari. Mkolombia akanihurumia, akanipa unga mweupe wa mahindi wanaopikia mikate ya arepa kwao, ambao umepikwa tayari kiwandani na kwa hiyo si kama wa kwetu, lakini angalau rangi ilinifariji. Tatizo halikuwa ugali, lilikuwa kinu. Nilibeba kinu kidogo cha kutwangia kitunguu saumu na pilipili manga, na usiku mmoja nikakitumia saa tano. Kuanzia saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi nyumba za Ujerumani hutakiwa kuwa kimya, na jirani wa chini, bibi mwenye umri wa kutosha kunizalia mama, alipanda ngazi akiwa amevaa joho la kulalia kuja kuuliza kama ninatengeneza fanicha. Nilimwonyesha kinu. Alikishika, akakinusa, akasema mama yake alikuwa na kimoja cha shaba, kisha akanikumbusha ni saa ngapi.

Nisije nikaonekana nahesabu vituko tu. Kuna adabu za huku zilizonikaa moyoni mara moja kwa sababu nilizijua tangu nyumbani. Mtu akiingia kwenye chumba cha kusubiria kwa daktari huwasalimu wote waliomo, asiowajua, na wote hujibu. Hiyo ni hodi yetu isiyo na jina. Darasani, mhadhiri akimaliza, wanafunzi hawapigi makofi bali hugonga meza kwa vifundo vya vidole, na mlio wake ulinikumbusha mvua ya kwanza juu ya bati. Hata ratiba ya vipindi ina huruma ndani yake: penye herufi c.t. baada ya saa, kipindi huanza robo saa baadaye, desturi ya zamani inayoitwa robo ya kitaaluma. Nilipogundua kwamba Wajerumani, ambao dunia nzima huwasifu kwa kufika kwa wakati, wamejiwekea rasmi dakika kumi na tano za kuchelewa, niliwapenda zaidi.

Saa, hata hivyo, ziliendelea kunichanganya kwa namna nyingine, kwa sababu saa ya Kiswahili imejengwa juu ya jua la kwetu. Lindi jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, kwa hiyo saa moja asubuhi ina maana hata kwa asiye na saa mkononi. Bayreuth mwezi Desemba jua lilichomoza baada ya saa mbili asubuhi na likazama saa kumi na robo hivi, nikawa naingia maabara gizani na kutoka gizani. Mwezi Juni lilikataa kuzama hadi saa tatu na nusu usiku, na mimi, niliyelelewa kwamba magharibi mtoto awe ndani, nilikaa barazani nikiwa na hatia isiyo na sababu. Nilikuwa nafanya kazi ya saa chache kwa wiki, kuzungumza na wanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa kwanza ili wapate mazoezi, na somo la saa ndilo lililokuwa likiwashinda. "Kwa nini saa moja ni saa saba?" waliuliza. Niliwaeleza jua. Mmoja akatazama dirishani, ilikuwa Januari, akauliza, "Jua lipi?"

Safari yangu ya kwanza nje ya Ujerumani ilikuwa Paris, kwa sababu mtu hawezi kurudi nyumbani kutoka Ulaya bila picha ya mnara ule. Nilikwenda kwa basi la usiku, nikakaa siku tatu, nikalipa euro 22 kuingia Louvre kwa sababu vijana wakazi wa Ulaya huingia bure ilimradi hawajatimiza miaka ishirini na sita na mimi nilikuwa nimeshapita, nikaiona Mona Lisa kupitia simu za watu wengine. Picha zangu zilipendwa sana nyumbani. Sina zaidi la kusema kuhusu Paris, na nadhani kosa si la Paris.

Safari zilizonifundisha nchi zilikuwa nyingine. Tangu Mei 2023 Ujerumani ina tiketi moja ya mwezi, wakati huo kwa euro 49, ya kupanda treni zote za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima, isipokuwa treni za mwendo kasi za masafa marefu. Jimbo la Bavaria likaipunguza kwa wanafunzi ikawa euro 29. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kwenda popote, mradi akubali kwenda polepole. Anapanda treni inayosimama kila penye nyumba tatu na kanisa, anashuka, anasubiri nyingine, anapanda tena, na kati ya kushuka na kupanda anakula mkate kwenye stesheni ambazo hakuna mtalii anayezijua. Kaka yangu hakuielewa raha hiyo. Mwaka 2024, treni ya umeme ya Dar es Salaam ilipoanza safari za Morogoro mwezi Juni na Dodoma mwezi Julai, alinitumia video akiwa ndani yake, akauliza ya kwetu inakwendaje. Ikanibidi nikiri kwamba reli zote zinazoingia Bayreuth hazina umeme hadi leo, na kwamba mimi, niliye Ulaya, napanda treni ya dizeli. Alicheka hadi simu ikakatika.

Oktoba 2024 niliamua kwenda Berlin kwa njia hiyo. Treni za mwendo kasi zingenifikisha kwa nusu ya muda. Mimi nilitumia karibu saa nane na kubadili treni zaidi ya mara tatu, kupitia Hof, Plauen, Leipzig na Wittenberg. Hof ni mji wa pembeni ambao Oktoba 1989 ulipokea treni zilizojaa Wajerumani wa Mashariki waliokuwa wamekimbilia ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague. Siku niliyopita mimi kulikuwa na ukungu, njiwa, na mzee mmoja aliyekuwa akifunga mwavuli kwa makini kama anayemvisha mtoto. Baada ya Plauen treni ilipunguza mwendo na ardhi ikaondoka chini yetu. Tulikuwa juu ya daraja la bonde la Göltzsch, lililokamilika mwaka 1851 kwa matofali zaidi ya milioni 26, urefu wa kwenda juu mita 78, na wanasema hakuna daraja kubwa zaidi la matofali duniani. Ndani ya behewa hakuna aliyeinua kichwa. Nilitaka kumgusa jirani yangu nimwonyeshe, kisha nikakumbuka kwamba daraja ni lake.

Nilikuwa nakwenda Berlin kumwona mjusi. Kwetu Lindi hakuna anayemwita dinosaria yule kwa jina lake la kisayansi, Giraffatitan brancai. Ni mjusi wa Tendaguru, na kila mtoto anajua kwamba yuko Ujerumani, kama vile kila ukoo unavyomjua yule mjomba aliyepanda meli na hakurudi. Bunge letu limewahi kumjadili. Babu yangu alikuwa akisema baba yake alibeba mifupa, ingawa katika vijiji vya upande ule ni vigumu kumpata mzee ambaye baba yake hakubeba. Kati ya mwaka 1909 na 1913 watafiti wa Kijerumani walichimba Tendaguru, kilima kilicho kama kilomita 60 kutoka mjini Lindi, na misimu mingine waliwaajiri watu wapatao mia tano. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, wakati kusini nzima bado inanuka moshi na njaa. Hapakuwa na barabara wala wanyama wa kubeba mizigo, kwa sababu mbung'o waliwamaliza, kwa hiyo mifupa ya baadhi ya wanyama wakubwa kabisa waliopata kutembea nchi kavu ilisafiri hadi bandarini juu ya vichwa vya watu, mwendo wa siku nne.

Makumbusho ya Elimu ya Viumbe yako barabara ya Invalidenstraße. Unapoingia tu unakutana naye, ukumbi wa kwanza, huna muda wa kujiandaa. Ana kimo cha mita 13.27, na kichwa chake kiko karibu na paa la kioo, kimeinama kidogo, kama mgeni mrefu aliyezoea milango ya watu wafupi. Nilikuwa nimejitayarisha kukasirika, na hasira ilikuja, lakini haikuja peke yake. Kulikuwa na darasa la watoto wa miaka sita au saba, wamelala chali sakafuni ili wamwone vizuri, na mwalimu wao alipowauliza anatoka wapi, mmoja alipaza sauti: "Tansania!" Sikuwa nimetegemea kusikia jina hilo likitoka kwenye kinywa kisicho na meno ya mbele. Nilisoma maelezo ya ukutani mstari kwa mstari. Wasimamizi wa Kijerumani, Janensch na Hennig, wamejaa kwenye vitabu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, ndiye niliyekuwa nikimtafuta, mtu aliyejifunza kuitoa mifupa ile udongoni na kuwafundisha wengine. Wapagazi hawana majina. Nilimpiga mjusi picha moja tu, ya mguu wa mbele, kwa sababu ndio sehemu pekee inayoingia kwenye picha pamoja na mtu, kisha nikamtumia mama.

Rafiki yangu wa Mombasa anayesoma Berlin, ambaye nilifikia kwake, alisema kama natafuta watu wa kwetu waliotangulia basi nimfuate. Tulitembea hadi Brunnenstraße, namba 193, akaniambia niangalie chini. Kati ya mawe ya njia ya miguu kuna kipande cha shaba, sentimita kumi kwa kumi, kilichochorwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huku kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1929 akaja Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu wa mgahawa, akaigiza katika filamu, na kwa miaka kadhaa alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, ambao kwa Wanazi ulikuwa kosa la rangi, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Nilisimama pale nikifikiria jambo dogo. Naye lazima aliwahi kusimama mbele ya darasa la Wajerumani akieleza kwa nini saa moja ni saa saba. Naye lazima aliwaeleza jua. Rafiki yangu akapangusa kipande kile kwa kiganja, kwa kuwa mvua ilikuwa imekitia matope, tukaondoka bila kusema kitu hadi kona ya pili, ambapo yeye, kwa kuwa ni mtu wa Mombasa na kimya humtia homa, aliuliza kama nina njaa.

Kesho yake asubuhi nilipanda treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, ambayo ina kituo kilichopewa jina la makumbusho yale. Ukikaa ndani yake ukielekea kaskazini, vituo vichache baadaye unatangaziwa Afrikanische Straße. Ni mtaa wa Wedding ambao barabara zake zilipewa majina ya makoloni na sehemu zake: Sansibarstraße, Ugandastraße, Usambarastraße. Nilipita Zanzibar nikiwa na kikombe cha kahawa, duka la baiskeli upande mmoja na magari yaliyoegeshwa upande wa pili. Barabara moja kati ya hizo ilipewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, yule mkoloni ambaye wazee wa Tanganyika walimwita Mkono wa Damu. Baada ya mabishano ya miongo, tarehe 23 Agosti 2024, sehemu yake moja ikapewa jina la Maji-Maji-Allee. Nilifika miezi miwili baadaye. Mwanamke aliyekuwa akimtembeza mbwa aliniona nimesimama chini ya kibao kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana. Nilitamani kuongeza kitu, lakini Kijerumani changu kilikuwa bado cha dukani na kwa daktari wa meno.

Kurudi kulikwenda vizuri hadi baada ya Leipzig. Treni moja ilichelewa, ya pili haikuisubiri, na nilipofika Hof niliikosa ya Bayreuth iliyokuwa imepangwa, ikabaki moja tu kwa usiku ule. Kwenye ukumbi wa stesheni tulikuwa watu sita na mashine ya kahawa iliyokataa sarafu. Bibi mmoja mwenye kikapu aliketi kando yangu, akanisalimu kwa Grüß Gott, akafungua kikapu, akanigawia tufaha bila kuuliza kama nataka, jambo ambalo kwa Ujerumani nililiona mara chache na kwa Lindi ningeliona la kawaida. Nilimuuliza treni ya mwisho inakuja saa ngapi. Akasema halb zwölf. Nikamshukuru, nikafungua simu nimwandikie mwenzangu wa nyumbani asifunge mlango kwa komeo, na baadaye sana, tufaha likiwa limekwisha, ndipo nilipotambua kwamba kichwani nilikuwa nimesikia saa tano na nusu moja kwa moja, bila kupita kwa Kiingereza.

Ujumbe wa sauti wa mama ulikuwa umeingia tangu jioni na sikuwa nimeufungua. Nilivaa spika za masikioni. Alianza na salamu zote, za shangazi, za jirani, za mbuzi aliyezaa pacha, kisha akafika kwenye picha. Alisema ameuona mguu, ni mkubwa kweli, na amewaonyesha wanawake wenzake wa kikundi cha kuweka akiba, wakashangaa wote. "Lakini hujaniambia," akaendelea, "huko walikomweka kuna baridi? Maana yeye ni wa huku. Na kichwa, mbona hukupiga kichwa?"

Nilimjibu kwamba ukumbi una joto, na kwamba kichwa kiko juu mno.